Kipimo cha haraka cha nimonia kwa mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia: hatua kwa hatua

Saa 8 usiku. Mtoto wa miezi 9 yuko siku ya 5 kwenye mashine ya kupumulia. Homa imerudi, oksijeni imepandishwa kutoka asilimia 35 hadi 60, makohozi yaliyokuwa meupe na mepesi sasa ni ya njano na yananata kwenye katheta (mrija mwembamba wa kufyonzea), na eksirei imeonyesha kivuli kipya upande wa kulia. Ukipeleka kalcha (sampuli ya kuoteshwa vimelea maabara) sasa hivi, jibu la maana utalipata kesho kutwa au siku inayofuata. Kipimo cha PCR kinachotafuta vinasaba vya vimelea vingi kwa mpigo hutoa jibu baada ya saa 1 hadi 5 hivi, kutegemea mashine mliyo nayo.

Saa hizo mnazookoa ni nyingi, lakini nimeona zikipotea kirahisi mno. Sampuli inalala kaunta. Jibu linatoka alfajiri na halina mwenyewe. Au linasomwa kwenye raundi ya asubuhi, watu wanatikisa kichwa, na dawa zinaendelea vilevile. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu mashine yenyewe. Inahusu yanayofanyika kabla yake na baada yake. Nauandika kwa ajili ya madaktari, wauguzi na watu wa maabara wanaohudumia watoto mahututi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kushika katheta

PCR haijui mtoto anaumwa nini. Inajua tu vinasaba vya nani vimo kwenye kichupa ulichoipelekea. Kazi ya kuamua kama mtoto ana nimonia ni yako, kwa kumpima, kwa eksirei au ultrasaundi ya mapafu, na kwa kuangalia mahitaji yake ya oksijeni yanakwendaje. Makohozi kubadilika rangi peke yake si nimonia. Mrija wa kupumulia ukishakaa kooni kwa muda, bakteria huanza kuweka makao humo hata kama mapafu ni mazima, na kipimo chenye uwezo mkubwa kitawaona wote. Ukipima bila sababu utapata jibu chanya, kisha utajikuta unalitibu jibu hilo.

Swali lenyewe huwa moja kati ya haya matatu. Je, kuna bakteria ambaye dawa ninazompa mtoto hazimgusi? Je, naweza kupunguza dawa? Je, mtoto huyu atengwe ili asiambukize wenzake? Kama hakuna jibu litakalobadilisha chochote, usipeleke sampuli.

Mimi huandika mistari miwili mitatu kwenye faili kabla ya kipimo, kwa mfano: "Tukipata virusi peke yake na mtoto ametulia, tunasimamisha antibiotiki. Tukipata bakteria sugu kwa meropenemu, tunapiga simu kwa mtaalamu wa maambukizi usiku huohuo. Tukipata stafilokoka asiye sugu, vankomaisini (dawa ya stafilokoka sugu) inaondoka." Inachukua dakika moja. Faida yake utaiona saa 10 alfajiri, jibu linapomkuta daktari mwingine wa zamu ambaye hakumpokea mtoto huyu.

Hatua ya 2: Amua kati ya dawa na sampuli, kipi kitangulie

Sampuli ikitangulia ni vizuri, ila mtoto asicheleweshewe dawa kwa ajili yake. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi (maambukizi yanayotishia viungo na uhai) kwa watoto, Surviving Sepsis Campaign wa mwaka 2020, unataka antibiotiki zianze ndani ya saa 1 tangu shoku (mzunguko wa damu kushindwa) itambuliwe, na ndani ya saa 3 pale sepsisi inaposhukiwa bila shoku. Kwa hiyo kwa mtoto aliye kwenye shoku, chukua damu ya kalcha, choma dawa, halafu shughulikia mapafu. Kwa yule ambaye presha na mzunguko wake wa damu vimetulia, una nafasi ya kufyonza kwanza.

Hapa PCR ina unafuu ambao kalcha haina. Bakteria aliyekwisha kuuawa na dawa haoti kwenye sahani, lakini vinasaba vyake hubaki na kuonekana kwa muda. Sampuli iliyochukuliwa saa kadhaa baada ya dozi ya kwanza bado ina la kusema. Damu ya kalcha usiiache hata hivyo, ingawa kwa nimonia ya watoto mara nyingi haioti kitu.

Hatua ya 3: Chagua sampuli inayotoka mahali penye ugonjwa

Kijiti cha puani kinafaa kutafuta virusi. Usikitumie kutafuta bakteria wa nimonia, kwa sababu watoto wazima kabisa hubeba nyumokoka na Haemophilus puani bila kuumwa. Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha mkojo cha antijeni ya nyumokoka, ambacho kina nafasi yake kwa watu wazima, hakifai kwa watoto. Kitakuwa chanya kwa mtoto anayembeba tu.

Kwa mtoto mwenye mrija una njia mbili. Ya kwanza ni kufyonza makohozi ya kwenye koo la hewa moja kwa moja hadi kwenye kichupa cha mtego. Ni rahisi, muuguzi anaifanya kitandani, lakini huleta na wakazi wa mrija. Ya pili ni kuosha sehemu ya pafu kwa maji ya chumvi kupitia katheta, bila kamera. Sampuli yake inatoka chini zaidi na ni safi zaidi, ila mtoto anaisikia: oksijeni inashuka, na makohozi yanaweza kuziba njia. Kwa wengi mimi huanza na ya kwanza. Ya pili naiweka kwa mtoto mwenye kinga dhaifu, au kwa yule aliyekwisha kutibiwa na hapati nafuu.

Asiye na mrija asiwekewe mrija kwa ajili ya sampuli tu.

Hatua ya 4: Kuchukua sampuli

Muwe wawili, mmoja wa kufyonza na mwingine wa kuangalia monita na kushika mfuko wa kupumulia. Anayeangalia monita hana kazi nyingine.

Ukubwa wa katheta haubahatishwi. Zidisha ukubwa wa mrija kwa mbili: mrija namba 4 unachukua katheta ya Fr 8 (Fr ni kipimo cha unene wa katheta), mrija namba 3.5 unachukua ya Fr 7, au ya Fr 6 kama ya 7 haipo. Katheta nene kuliko hapo inaziba njia na kufyonza hewa yote ya pafu. Mvuto wa mashine ya kufyonza usizidi milimita 120 za zebaki, na kwa mtoto mchanga uwe chini ya hapo.

Tumia katheta mpya. Ile ya mfumo wa kufyonzea uliofungwa, ambayo imeshinda kwenye mrija tangu jana, imekwisha kuota utando wa bakteria wake yenyewe, na hao ndio utakaowapeleka maabara.

Mpe oksijeni asilimia 100 kwa dakika moja au mbili. Unganisha kichupa cha mtego kati ya katheta na bomba la kufyonzea, na ukishike wima, la sivyo makohozi yote yatakimbilia kwenye chupa ya ukutani. (Kila mtu hulifanya kosa hili mara moja.) Ingiza katheta bila kufyonza hadi ipite ncha ya mrija kidogo, halafu anza kufyonza ukiitoa taratibu. Usipitishe sekunde 10 hadi 15. Mililita 1 ya makohozi inatosha. Makohozi yakiwa makavu, weka maji ya chumvi kidogo yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kisha andika kwenye fomu kwamba umeyaweka, kwa sababu yanaichuja sampuli na kushusha hesabu ya vimelea.

Ukiamua kuosha, pima mililita 1 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 10 kwa mkupuo. Sukuma katheta taratibu hadi ikwame, irudishe nyuma kidogo, ingiza maji, fyonza mara moja. Usishangae maji yakirudi kidogo, mengine yatabaki mapafuni na kufyonzwa na mwili. Usioshe mtoto anayetoka damu mapafuni, mwenye hewa iliyovuja kifuani, mwenye shinikizo kubwa kichwani, ambaye damu yake haigandi, au ambaye tayari yuko kwenye oksijeni ya juu kabisa na bado anashuka. Moyo ukipungua kasi, toa katheta, mpe hewa kwa mfuko, na sampuli isubiri.

Bandika lebo hapohapo kitandani, ukiandika jina, namba ya faili, saa, aina ya sampuli, na antibiotiki alizopata ndani ya siku tatu zilizopita. Kichupa kisicho na "makohozi ya mrija" au "maji ya kuosha pafu" kwenye lebo ni fumbo kwa mtu wa maabara.

Hatua ya 5: Kichupa kifike, na jibu lirudi kwa mtu

Kifike maabara ndani ya saa 2. Ikishindikana, kikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, si kwenye friza, na kisiwekwe fomalini.

Maabara ianze na darubini. Slaidi iliyopakwa rangi ya Gram inasomeka kwa dakika chache na inasema mengi. Seli nyeupe zaidi ya 25 na seli bapa za mdomoni chini ya 10 kwa kila eneo linaloonekana kwa lenzi ndogo ya darubini, hayo ni makohozi ya chini. Seli bapa zikijaa, umepeleka mate, na hakuna mashine itakayoyageuza kuwa makohozi. PCR inakula sehemu ndogo tu ya sampuli, kinachobaki kiende kwenye kalcha. Kila mara. PCR haisemi dawa gani inamuua bakteria huyu kwa kipimo gani. Kalcha inasema.

Halafu andika kwenye fomu jina la cheo na namba ya simu ya atakayepokea jibu, pamoja na ya atakayempokea zamu. Mashine ya saa moja inaweza kukaa na jibu lake saa tisa kwa kukosa namba ya simu tu.

Hatua ya 6: Kusoma jibu

Hapa ndipo pagumu. Jibu linakuja kama orodha yenye "imeonekana" na "haijaonekana", na orodha ina namna ya kumfanya mtu aamini kuliko inavyostahili.

Anza na virusi. Utafiti wa PERCH, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia na kuchapishwa mwaka 2019, ulikadiria kuwa kwa watoto wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia kali iliyoonekana kwenye eksirei, virusi vilihusika kwa asilimia 61 hivi, na RSV (virusi vya njia ya hewa) peke yake asilimia 31. Basi RSV kwa mtoto mchanga anayebanwa kifua ni mshukiwa wa kweli. Rinovirusi ni habari nyingine. Mtoto anaweza kuendelea kuvitoa wiki kadhaa baada ya mafua kupona, na watoto wasioumwa huwa navyo pia. Tena, kupata virusi hakumwondoi bakteria. Mafua ya influenza yanajulikana kwa kumfungulia mlango stafilokoka, na mtoto wa namna hiyo huharibika haraka sana.

Kwa bakteria, baadhi ya paneli (orodha ya vimelea ambavyo PCR moja inavitafuta) zinatoa makadirio ya wingi: kopi za vinasaba 10⁴, 10⁵, 10⁶, au 10⁷ na zaidi kwa mililita. Usizilinganishe kopi hizi na hesabu ya kalcha kana kwamba ni kitu kimoja. PCR inahesabu wazima na maiti, hivyo mara nyingi husoma juu zaidi. Mimi huitazama namba pamoja na slaidi. Bakteria wa 10⁷ anayeonekana pia kwenye slaidi katikati ya seli nyeupe tele, huyo namtibu. Watatu wa 10⁴ kila mmoja, na slaidi haina seli nyeupe, hao naona ni wakazi wa mrija.

Jeni za usugu zinahitaji umakini wa peke yake. CTX-M inaashiria bakteria anayevunja dawa kama seftriaksoni. KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48 zinaashiria anayevunja dawa za kundi la meropenemu. mecA inaashiria stafilokoka asiyesikia kloksasilini. Lakini mashine inaona jeni ndani ya supu, haioni imo kwa nani. Wakiwapo Klebsiella na E. coli pamoja, CTX-M inaweza kuwa ya yeyote, au ya bakteria wa tatu ambaye hamkumtafuta. Na jeni kutoonekana si cheti cha usalama. Pseudomonas anaweza kuwa sugu kwa kuitema dawa nje au kwa kufunga matundu inamopitia, na paneli hazitafuti njia hizo.

Jibu la "hakuna kilichoonekana" lina nguvu ikiwa tu sampuli ilikuwa nzuri na unayemshuku yumo kwenye orodha. Bandika orodha ya paneli yenu ukutani. Baadhi ya paneli zinazotumika sana hazina bakteria Stenotrophomonas, kuvu, virusi vya CMV, Pneumocystis (kuvu wa mapafu) wala kifua kikuu. Kwa mtoto aliyekaa wodini wiki tatu akila meropenemu, Stenotrophomonas ni mtu wa kumkumbuka, na paneli itanyamaza kimya huku yeye akistawi.

Hatua ya 7: Kifua kikuu na Pneumocystis viombwe kwa jina

Xpert MTB/RIF Ultra, PCR ya kifua kikuu, hutoa jibu ndani ya dakika 80 hivi, pamoja na usugu kwa rifampisini, dawa ya TB. Makohozi ya mrija yanafaa. Asiye na mrija apimwe majimaji yaliyofyonzwa kutoka tumbo la chakula, makamasi ya nyuma ya pua, au choo, sampuli ambazo Shirika la Afya Duniani linazikubali kwa watoto. Watoto huwa na vimelea vichache vya TB, kwa hiyo Xpert hasi haifuti TB. Kama kuna mgonjwa wa TB nyumbani, uzito umeshuka na eksirei ina tezi zilizovimba, anza dawa.

Pneumocystis humtafuta hasa mtoto mwenye VVU wa miezi 3 hadi 6, ambaye oksijeni yake iko chini mno kuliko unavyosikia kifuani. Anza kotrimoksazoli ya dozi kubwa siku hiyohiyo, jibu la PCR litakukuta njiani.

Hatua ya 8: Fanya kitu ndani ya saa moja

Turudi kwa mtoto wetu wa miezi 9. Alipoanza homa alipewa vankomaisini na meropenemu. Saa 10 na nusu alfajiri maabara inapiga simu: stafilokoka aureus 10⁷, mecA haipo, rinovirusi ipo, hakuna bakteria mwingine. Slaidi ina seli nyeupe tele na vijidudu vya duara vilivyokaa mafungu kama zabibu. Presha nzuri, mkojo unatoka.

Vankomaisini inaondoka na kloksasilini inaingia. Hapo mtoto anafaidika mara mbili, kwa sababu kwa stafilokoka asiye sugu kloksasilini ni dawa bora kuliko vankomaisini, na figo zinapumzika. Meropenemu je? Kwa mtoto huyu naiondoa pia, maana slaidi na PCR vinasema jambo moja. Angekuwa kwenye shoku ningeiacha hadi kalcha ya saa 48. Rinovirusi havibadilishi dawa, ila vinambadilishia kitanda: anatengwa, na wanaomhudumia wanavaa barakoa na gauni.

Uangalifu huo kwa mtoto wa shoku una sababu. Jaribio la INHALE la Uingereza, lililohusisha wagonjwa mahututi wazima na watoto, lilionyesha kuwa PCR ya haraka iliboresha uchaguzi wa antibiotiki, lakini halikuweza kuthibitisha kwamba kupona kwa waliopimwa hivyo hakukuwa duni. Nalisoma hivi: punguza dawa kwa mtoto aliyetulia na kwa jibu linaloungwa mkono na slaidi, na usikimbilie kupunguza kwa mtoto anayeteremka. Kuongeza dawa ni rahisi zaidi kuamua. Ukiona NDM, usingoje kalcha.

Hatua ya 9: Mwambie mzazi

Kwa ufupi, na kwa maneno yake. "Mama, tumempima makohozi. Tumekuta bakteria, na dawa yake ipo, tumeshambadilishia. Kuna kipimo kingine cha polepole kitatoka baada ya siku mbili, kinaweza kutufanya tubadilishe tena." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Mzazi asiyeambiwa hivyo, siku ya tatu akiona dawa nyingine, atadhani mlikosea.

Hatua ya 10: Kalcha inapofika

Linganisha. Ikimwotesha stafilokoka yuleyule na dawa inamuua, endelea na uandike siku ya kumaliza dozi. Ikiotesha mtu ambaye PCR haikumwona, angalia kwanza kama yumo kwenye orodha ya ukutani. Isipoota chochote kwa mtoto aliyekuwa tayari kwenye antibiotiki, jibu la PCR halijafutwa.

Usirudie PCR kutafuta kama mtoto amepona. Itaendelea kuwa chanya kwa maiti za bakteria, na utaongeza siku za dawa bila sababu. Rudia kama kuna homa mpya au kivuli kipya baada ya nafuu, kwa sampuli mpya na swali jipya kwenye faili. Vinginevyo muangalie mtoto: oksijeni imerudi asilimia 35, makohozi yamepungua, anahangaika kuung'oa mrija mwenyewe.